Simu si Cheo: Neno Letu juu ya iPhone na Android katika Jumuiya Zetu



Kuna ubishi ulioingia katika jumuiya zetu hai kwa mlango wa nyuma, na sasa umekaa kwenye kiti cha mbele. Zamani watu walibishana juu ya timu za mpira na juu ya kwaya ipi inaimba vizuri zaidi. Leo vijana wetu, na wazazi wengi pamoja nao, wanabishana kama mtu aweza kuhesabiwa kuwa mtu akiwa na simu ya Android, au kama ni lazima awe na iPhone. Tungeuacha ubishi huo upite kama upepo, kama ungekuwa maneno matupu. Lakini umefika mpaka kwenye sanduku la chama chetu. Limeletwa pendekezo kwamba pesa za mfuko wa misaada, dola 450 zilizokusanywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, zinunue iPhone moja iliyokwisha kutumika Ulaya, ili katibu apige picha za sherehe na chama kipate, kwa maneno ya waliolileta, « sura ya heshima ». Mkutano mkuu utaamua. Sisi tunasema hapana, na katika ukurasa huu tunaeleza kwa nini.

Tuanze kwa kusema kweli juu ya vitu vyenyewe, kwa maana asiyejua anachokipinga hupiga kelele tu.

iPhone ni kazi ya kampuni moja, Apple ya Marekani, ambayo huunda simu na pia mfumo unaoiendesha. Ya kwanza ilitangazwa Januari 2007. Android si simu, ni mfumo tu. Kampuni ya Google iliununua mwaka 2005, simu ya kwanza yenye mfumo huo ikauzwa mwaka 2008, na tangu hapo viwanda vingi huutumia: Samsung, Tecno, Itel, Infinix na vingine. Kwa hiyo anayesema « Android ni mbaya » amesema neno lisilo na maana. Ni kama kusema kwamba baisikeli ni mbaya kwa sababu ya jirani aliyenunua ile iliyopinda fremu. Kuna Android ya chini ya dola 100, na kuna Android inayouzwa kwa bei ileile ya iPhone au zaidi. Kinachoitwa kwetu ubishi wa mifumo miwili, mara nyingi ni ubishi wa bei mbili.

Tena tuwe waadilifu. iPhone ina sifa zake za kweli, na hatutazificha ili tushinde hoja. Ya kwanza ni kudumu. Apple huzipelekea simu zake masasisho kwa miaka mingi: ile iliyotoka mwaka 2015, iPhone 6s, ilipokea toleo jipya la mfumo hata mwaka 2021. Simu nyingi za Android za bei ndogo hupewa sasisho moja au mawili, kisha husahauliwa kama yatima. Sifa ya pili ni usalama. Katika iPhone ni vigumu kwa mtu kuingiza programu iliyookotwa njiani, hali vijana wetu wenye Android hupokea programu kutoka kwa yeyote na kuzifungua bila kuuliza zimetoka wapi. Tangu mwaka 2021 iPhone humtaka pia kila mwenye programu aombe ruhusa kabla ya kumfuata mtumiaji katika programu nyingine na kurasa za intaneti. Sifa ya tatu ni video, ambazo wapiga picha wa harusi husifu, wala hatuwapingi.

Basi kama sifa ni hizo, kwa nini tunakataa? Kwa sababu chombo hupimwa kwa kazi kitakayofanya na mahali kitakapofanyia. Jembe zuri la bustani ya Ulaya laweza kuvunjika kwenye udongo wetu siku ya kwanza. Tuipime basi simu hapa Lubumbashi, katika siku ya kawaida ya mwanachama wa kawaida.

Asubuhi mwanachama huyo anaamka na mitandao miwili. Mtandao mmoja unashika vizuri nyumbani, wa pili unashika kijijini kwa mama yake. Mmoja una mega za bei nafuu, wa pili ndio anaotumiwa pesa na ndugu zake. Simu ya Android ya dola 100 kwa kawaida ina nafasi mbili za kadi, na mara nyingi ya tatu kwa ajili ya kadi ya kumbukumbu. iPhone nyingi zinazotufikia zina nafasi ya kadi moja tu ya kuingiza kwa mkono. Namba ya pili inataka kadi isiyoshikika, ile ya eSIM. Na tangu mwaka 2022, kuanzia iPhone 14, zile zinazouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kuingizia kadi. Kabla ya kufurahia zawadi ya shangazi aliye Marekani, mtazame kwanza ubavuni mwa simu.

Mchana anataka kupeleka mafundisho. Katekista ana sauti za masomo ya Kipaimara, kwaya ina nyimbo mpya za Majilio. Kwa Android tunapeana kwa Bluetooth bila kutumia hata mega moja, au tunahamisha kadi ya kumbukumbu kutoka simu hii kwenda ile. iPhone haijawahi kuwa na mahali pa kadi ya kumbukumbu, na wala haipokei faili kwa Bluetooth kutoka Android kwa njia hii tuliyoizoea. Mwenye iPhone hutuambia: « Nitumieni kwa WhatsApp. » Ni sawa, lakini WhatsApp inakula mega, na mega zinanunuliwa kwa pesa ambazo mjane wa jumuiya yetu alizihesabu kwa ajili ya unga.

Jioni umeme unakatika. Simu nyingi za bei ndogo zina redio ya FM ndani yake: unachomeka waya wa masikioni, unasikiliza Rozari na habari bila intaneti. iPhone haina redio hiyo. Kwa mtu wa mjini mwenye intaneti usiku kucha ni jambo dogo. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye redio ndiyo Misa yake ya Dominika, si dogo hata kidogo.

Halafu simu inaanguka, kama zinavyoanguka zote. Kioo cha Android ya kawaida kinapatikana sokoni, na fundi wa pembeni anakibadilisha siku hiyohiyo. Kioo cha iPhone ni ghali zaidi, na katika zile za miaka ya karibuni, fundi akiweka betri isiyo ya Apple yenyewe, simu hutoa onyo kwamba sehemu hiyo haikutambulika. Simu itafanya kazi, lakini mwenyewe ataishi na onyo hilo. Hata chaja ina historia yake: mpaka iPhone 14 ilikuwa na mdomo wake pekee, usioingia katika chaja za majirani. Ilipofika mwaka 2023, kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya, iPhone 15 ikakubali mdomo wa wengine. Kwa hiyo iPhone nyingi zilizotumika zinazouzwa kwetu bado zinadai chaja ya peke yake. Katika jumuiya ambamo chaja moja hulisha nyumba tatu, hilo nalo linahesabiwa.

Hapa wanaotetea iPhone wanainuka na hoja yao iliyo nzito kuliko zote, nasi tunaisikiliza. Wanasema: « Mnanunua simu ya dola 100, inakufa baada ya miaka miwili, mnanunua nyingine. Sisi tunanunua mara moja, inakaa miaka saba. Nani amepoteza pesa? » Kama mngesema juu ya iPhone mpya dukani, tungekaa kimya na kufikiri. Lakini mpya, kama ile ya 16 iliyotoka mwaka 2024, ilianzia dola 799 huko Marekani kabla ya kodi, na hakuna aliyependekeza bei hiyo. Mnachopendekeza ni simu iliyotumika. Na hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: miaka ya masasisho huhesabiwa tangu simu hiyo ilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza, haihesabiwi tangu siku wewe ulipoinunua. iPhone X ilitoka mwaka 2017, na kufikia mwaka 2023 ikaachwa nje ya toleo jipya. Aliyeinunua sokoni mwaka 2022, akijigamba kwamba amenunua miaka saba, alinunua mwaka mmoja na jina. Mwaka 2025 WhatsApp nayo iliacha kufanya kazi katika iPhone zisizoweza kufika toleo la 15.1 la mfumo wao, zikiwemo iPhone 6. Na kwa upande wa Android iliziacha zile za toleo la 4. Uzee hauchagui kabila la simu.

Na iko hatari nyingine, inayoliza watu wazima. Tangu mwaka 2013 Apple imeweka kufuli: iPhone iliyofungwa na akaunti ya mwenye kwanza haifunguki bila neno lake la siri. Kufuli hiyo ni njema, kwa maana humkatisha tamaa mwizi. Lakini kwetu simu hupita mikono mitano kabla ya kufika sokoni, na mnunuzi wa mwisho hamjui wa kwanza. Tumemwona kwa macho yetu mama mmoja wa jumuiya yetu aliyeuza cherehani yake ili kijana wake asichekwe chuoni. Simu ilifanya kazi majuma matatu. Kijana alipoisafisha upya, ikadai neno la siri la mtu asiyejulikana, na muuzaji hakuonekana tena. Android nazo zina kufuli ya namna hiyo tangu mwaka 2015, kwa hiyo onyo letu ni kwa wote: msinunue simu iliyotumika kabla mwenyewe hajaiondoa akaunti yake mbele yenu. Ila aliyepoteza dola 60 analala na uchungu. Aliyepoteza cherehani amepoteza chakula cha watoto.

Mnaona sasa kwamba hatuzungumzi tena juu ya mashine. Cherehani ile haikuuzwa kwa sababu ya video nzuri wala kwa sababu ya usalama wa programu. Iliuzwa kwa sababu ya aibu. Na aibu hiyo ni nani anayeitengeneza? Si Apple peke yake na matangazo yake. Tunaitengeneza sisi wenyewe, hata mlangoni mwa kanisa. Katika darasa letu la Kipaimara kijana mmoja hurekodi mafundisho ili amsikilizishe bibi yake asiyeweza kutembea. Tuligundua kwamba huificha simu yake chini ya kitabu cha nyimbo, kwa sababu wenzake huiita « simu ya njaa ». Kijana anafanya tendo la huruma, nasi tumemfanya alifiche kama mwizi! Wasichana wetu nao tunawajua. Tunajua ni nani huwapa simu za bei kubwa, na hao huwadai nini baadaye. Mzazi anayemcheka binti wa jirani kwa ajili ya simu ndogo asishangae binti yake mwenyewe akirudi na simu kubwa isiyo na maelezo.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anawakemea waamini waliomkalisha mahali pazuri mtu mwenye pete ya dhahabu, na kumwambia maskini asimame kando. Pete ya siku zetu ina alama ya tunda lililoumwa. Tunapompa kipaza sauti yule mwenye simu ya bei kubwa, tunapomtanguliza katika picha, tunapodhani kwamba neno lake katika mkutano ni zito zaidi, tumeirudia dhambi ileile.

Wengine watatuambia kwamba sisi wazee tunaogopa vitu vipya. La. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu, kijana aliyetumia kompyuta kukusanya na kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini tazameni tarehe. Carlo alifariki tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na umri wa miaka 15, na iPhone ya kwanza ilitangazwa Januari iliyofuata. Hakuwahi kuishika. Alichotumia kilikuwa cha kawaida kwa wakati wake. Alichofanya nacho ndicho kilichokuwa kikubwa.

Tuongeze neno moja ambalo sisi wa Katanga tuna haki ya kulisema kuliko wengi. Betri za simu hizi, za upande huu na za upande ule, zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi yetu, huko Kolwezi na jirani zake. Koltani ya ndugu zetu wa mashariki huingia katika vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozitaka kampuni zilizo katika masoko yake ya hisa zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Apple nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba inakusudia kutumia kobalti iliyorejelezwa tu katika betri inazozibuni, kufikia mwaka 2025. Tunazipokea hatua hizo. Lakini mwenye iPhone asimtazame mwenye Tecno kwa dharau, na mwenye Tecno asijione mtakatifu. Wote wawili wameshika mkononi jasho la mchimbaji yuleyule. Mwana wa Kongo anayemdharau mwana wa Kongo kwa sababu ya simu anacheka akiwa amesimama juu ya shimo ambamo kaka yake anachimba.

Basi, tunapendekeza nini? Kupinga bila kupendekeza ni kazi rahisi, na hatutaki kuifanya.

Kwanza, dola 450 zisinunue iPhone. Kama mkutano unaona kwamba chama kinahitaji simu, nasi tunakubali kwamba kinazihitaji, zinunuliwe Android nne mpya, zisizozidi dola 100 kila moja, na dola 50 zitakazobaki zinunue kadi za kumbukumbu. Simu nne ni makatekista wanne wa pembeni wanaoweza kupokea masomo na kuwasikilizisha watu wasiojua kusoma. Simu moja ni picha nzuri za sherehe. Kama mkutano unaona kwamba simu zaweza kungoja, pesa zirudi kwenye kazi ziliyokusanyiwa, yaani minervali ya yatima na dawa za wagonjwa. Hilo nalo tutalipigia kura kwa mikono miwili.

Pili, simu hizo zichaguliwe kwa akili. Zisiwe za toleo la zamani kwa sababu tu muuzaji amepunguza bei. Tuulize kiwanda kimeahidi masasisho ya miaka mingapi. Mwaka 2024 Samsung iliahidi miaka saba kwa Galaxy S24, na ahadi za namna hiyo zimeanza kushuka hadi kwenye simu za bei ya kati. Programu zichukuliwe Play Store tu. Simu iwekwe katika Kiswahili, kwa maana Android inaruhusu, ili mama asiyejua Kifaransa asiombe msaada kwa kila neno.

Tatu, mwanachama mwenye iPhone asifukuzwe wala asisemwe. Kama aliinunua kwa jasho lake halali, na watoto wake wanasoma, na deni hana, ametumia chake. Tunamwomba jambo moja tu: aitumie mpaka ichoke, wala asikimbilie mpya kila Septemba kama anayekimbilia ubatizo mpya.

Nne, makatekista na wazazi tukatae kwa sauti neno « simu ya njaa ». Likitamkwa darasani, somo lisimame, na sura ile ya Yakobo isomwe. Kijana yule aitoe simu yake chini ya kitabu, aiweke juu ya meza, arekodi, na bibi asikie.

Siku ya mwisho hatutaulizwa tulikuwa upande gani, wa tunda lililoumwa au wa roboti ya kijani. Tutaulizwa nani alikuwa na njaa, nani alikuwa mgonjwa, na sisi tulikuwa tukitazama nini mkononi. Bwana atupe mkutano wa amani na kura ya haki.